Salio la mita limeruka lenyewe: programu inaweza kujilinda chipu ikikosea?

Swali: Habari za kazi, fundi. Natengeneza mita za maji za kulipia kabla hapa Singida, zinatumia chipu ya ATmega328P. Tumeshafunga mita 140, na za kwanza zina zaidi ya mwaka. Miezi ya karibuni mita tatu zimebadilisha salio zenyewe. Moja ilikuwa na lita 1,350 jioni. Usiku umeme ukakatika ukarudi, asubuhi ikasoma 9,542 na hakuna tokeni iliyoingizwa. Nimepitia msimbo mstari kwa mstari, kosa silioni. Rafiki yangu anasema ni mionzi ya angani na dawa yake ni chipu za kijeshi, ambazo bei yake siiwezi. Je, kuna namna ya kuandika programu ikajilinda yenyewe chipu inapokosea?

Jibu: Ndugu yangu, anza na hesabu ya kutoa. 9,542 toa 1,350 inabaki 8,192, yaani 2 kwa kipeo cha 13. Sasa ziandike namba zako mbili kwa biti 16 (tarakimu za 0 na 1), moja chini ya nyingine:

0000 0101 0100 0110
0010 0101 0100 0110

Biti ya tatu kutoka kushoto ilikuwa 0, imekuwa 1. Nyingine 15 hazijaguswa. Msimbo mbovu unaweza kuleta tokeo kama hilo, lakini mara chache sana. Kwa kawaida msimbo mbovu hujumlisha mara mbili, husahau kutoa, au huandika takataka juu ya kitu kizima. Kupindua biti moja na kuziacha jirani zake salama ni tabia ya maunzi, yaani vifaa vyenyewe. Kwa hiyo hapo hukukosea kushuku.

Kisa chako kina ndugu yake mashuhuri. Mei 2003, Ubelgiji ilipofanya uchaguzi, mashine ya kuhesabia kura huko Schaerbeek, Brussels, ilimpa mgombea mmoja kura 4,096 za ziada. Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 12, biti moja vilevile. Wataalamu waliijaribu mashine wasione kasoro, wakaishia kuhisi kwamba chembe kutoka angani iligonga kumbukumbu. Uthibitisho haukupatikana. Ila angalia kosa lilivyogunduliwa, maana nitalirudia: hakuna saketi iliyopiga kengele. Watu waliitazama namba wakaona haiwezekani, kwa kuwa kura zake zilizidi zile ambazo orodha ya chama chake ingeweza kumpa.

Tuje kwa rafiki yako na mionzi yake. Mionzi ipo kweli. Chembe zinazotoka angani huzaa nyutroni zikigonga hewa, na nyutroni ikipiga silikoni inaweza kuacha chaji ya kutosha kupindua biti. Kadiri unavyopanda mwinuko ndivyo zinavyoongezeka, na Singida iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Kwa upande mwingine sisi wa karibu na ikweta uga wa sumaku wa dunia unatukinga kuliko wenzetu wa Ulaya. Lakini piga hesabu. Tuchukue makadirio yanayotumika sana kwa RAM (kumbukumbu ya muda ya chipu) ya aina hii: hitilafu 1,000 kwa kila megabiti katika saa bilioni moja. Chipu yako ina RAM ya kilobaiti 2, yaani biti 16,384, sehemu moja ya 64 ya megabiti. Hiyo ni hitilafu kama 16 kwa saa bilioni moja kwa mita moja. Zidisha kwa mita 140, unapata tukio moja katika saa laki nne na nusu hivi, ambazo ni zaidi ya miaka 50. Wewe umepata matatu kwa miezi michache. Hata tukiwa tumekosea mara kumi kwenye makadirio, mionzi bado haitoshi kueleza.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni EEPROM, kumbukumbu ya chipu inayobaki na data hata umeme ukikatika. Kila baiti yake (biti 8) imedhaminiwa na mtengenezaji kuandikwa mara 100,000. Hujanieleza unaandika salio mara ngapi, ila mita nyingi nilizofungua huandika kila lita inapopita, tena mahali pale pale. Nyumba ya wapangaji inayotumia lita 1,000 kwa siku inamaliza dhamana hiyo ndani ya siku 100. Chipu haifi siku ya 101, mara nyingi huvumilia sana kupita hapo, lakini utando mwembamba unaoshikilia chaji unazidi kuchoka na biti inaanza kuvuja. Na hilo linaelezea kwa nini umeme ulipokatika ndipo salio liliporuka: mita ikiwa imewaka inatumia nakala iliyo kwenye RAM. Ikijiwasha upya ndipo inaposoma EEPROM na kukutana na biti iliyolegea.

Kama unaandika salio kwa amri ya eeprom_write_word umejiongezea tatizo. Kitendaji hicho kinaandika baiti zote mbili hata kama ya juu haijabadilika. Mwenzake, eeprom_update_word, anasoma kwanza na kuiacha iliyo sawa. Biti yako iliyopinduka iko kwenye baiti ya juu, ambayo kihalali ingebadilika mara moja tu kila lita 256.

Mshukiwa wa pili ni umeme unaoshuka polepole. Kuandika baiti moja ya EEPROM kunachukua kama milisekunde 3.4. Volti ikishuka katikati, baiti inaandikwa nusunusu, au prosesa yenyewe inaanza kusoma amri vibaya na kuandika isikotakiwa. ATmega328P ina kinga ya kujizima volti ikishuka chini ya kiwango, ila chipu ikitoka kiwandani kinga hiyo imezimwa. Kama unatumia volti 5 na kristali ya megahezi 16, iweke kwenye 4.3. Huu ni mpangilio wa fyuzi za ndani za chipu, haugharimu hata shilingi, na ninauweka mbele ya ujanja wote wa programu nitakaoueleza hapa chini.

Kuna wa tatu, nimtaje ili umwondoe kwenye orodha. Chipu ya biti 8 husoma namba ya biti 16 kwa hatua mbili. Kama mapigo ya mita yanahesabiwa ndani ya katizo (kipande cha msimbo kinachoikatisha programu kuu ghafla), na programu kuu inaisoma namba hiyo bila kuzuia makatizo, utasoma nusu ya zamani na nusu mpya. Dalili yake ni mruko wa karibu 256. Wako ni 8,192, kwa hiyo simshuku, lakini ziangalie na zile mita mbili nyingine.

Sasa swali lenyewe. Chipu za kijeshi au za setilaiti ziache, hazina dawa ya EEPROM iliyochoshwa na programu. Na wanaorusha setilaiti wenyewe walishajaribu njia unayoiuliza. Februari 1999 Marekani ilirusha setilaiti iitwayo ARGOS, na Chuo Kikuu cha Stanford kikaweka humo bodi mbili: moja ya prosesa iliyokingwa dhidi ya mionzi, nyingine ya prosesa ya kawaida ya dukani inayolindwa na programu tu. Ile ya dukani ilipigwa na mionzi kama ilivyotarajiwa, na programu ikayakamata makosa yake kwa sehemu kubwa sana, tena kwa kuikagua kumbukumbu na kuirekebisha kila baada ya muda ikaongeza mno muda wa kukaa bila kuanguka. Kwa hiyo jibu fupi ni ndiyo. Elewa tu unachokinunua: programu haizuii chipu kukosea. Inachofanya ni kuhakikisha kosa halipiti kimyakimya.

Anza na mahali pa kuhifadhia salio. Usiwe na sehemu moja ya kuandika, uwe na nafasi nyingi za kuzunguka. Rekodi moja iwe na namba ya mfuatano ya baiti 4, salio la baiti 4, na CRC (namba ya ukaguzi inayokokotolewa kutoka kwenye data yenyewe) ya baiti 2: jumla baiti 10. EEPROM yako ina baiti 1,024, kwa hiyo nafasi 100 zinaenea na zinabaki kidogo. Kila ukiandika unahamia nafasi inayofuata na kuongeza namba ya mfuatano. Mita ikiwaka inazisoma zote, inatupa ambazo CRC yake haikubali, kisha inachukua yenye mfuatano mkubwa kuliko zote. Hapo umepata mambo matatu kwa mkupuo. Uchakavu umegawanywa kwa 100. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, rekodi ya kabla yake ipo salama. Na biti ikipinduka kwenye rekodi, CRC ya biti 16 inaikamata bila kukosa. Hata mfululizo wa biti 16 zilizoharibika kwa pamoja haupiti. Ukiandika kila baada ya lita 10 badala ya kila lita, unagawanya tena kwa 10, na hasara kubwa kabisa umeme ukikatika ni lita 9 za bure kwa mteja. Zile siku 100 zimekuwa 100,000. Mita itakuwa imeng'olewa kwa kutu kabla ya hapo.

Angalizo dogo linalowaponza wengi: usianzishe CRC kwa sifuri. Rekodi iliyojaa sifuri tupu itatoa CRC ya sifuri, na mita itaipokea kama salio halali la lita 0. Ianzishe kwa 0xFFFF, yaani biti zote 16 zikiwa 1.

Utasikia ushauri wa kuhifadhi nakala tatu na kupiga kura, biti kwa biti, kwa kanuni ya (a&b)|(a&c)|(b&c). Ni mbinu nzuri, na wazo la kupigia kura majibu ya vifaa vinavyokosea John von Neumann aliliandikia tangu 1956. Kwa salio lako naona halihitajiki. Kwa funguo za kusomea tokeni, ambazo zinaandikwa mara moja na zikipotea mita haina maisha, weka nakala tatu, na uziweke mbalimbali.

Yote hayo yanalinda baiti, hayajui baiti inamaanisha nini. CRC itakubali kwa furaha salio la uongo kama uongo huo ulitokea kwenye RAM kabla ya CRC kupigwa. Tunarudi Schaerbeek: ulinzi uliofanya kazi kule ulijua maana ya namba. Wewe una maana tele. Salio haliwezi kupanda bila tokeni. Salio la mita ya nyumbani halizidi tokeni kubwa unayouza. Na kubwa kuliko zote: jumla ya lita zilizonunuliwa, toa jumla ya lita zilizotumika, lazima iwe sawa na salio. Mhasibu yeyote anaijua hiyo. Hifadhi zote tatu, zikokotoe kila moja kwa njia yake, na uzilinganishe kila kabla ya kuandika. Hakikisho hilo moja linakamata biti iliyopinduka, RAM iliyogongwa, katizo lililoingilia, na hata makosa yako mwenyewe ya msimbo, bila kuhitaji kujua chanzo ni kipi. Ukiniambia nichague jambo moja tu kwenye jibu hili zima, nachagua hilo.

Na usifunge mlango mmoja ukaacha dirisha wazi. Julai 20, 2008, huduma ya kuhifadhi mafaili ya Amazon, S3, ilisimama kwa saa kadhaa. Walieleza wenyewe baadaye: data za wateja zilikuwa zinahakikiwa kwa MD5 (namba ya ukaguzi, kazi yake hapo kama ya CRC), lakini ujumbe ambao seva zilipeana kuhusu hali ya mfumo haukuwa na hakikisho hilo. Ujumbe mchache ulipata biti moja iliyoharibika, ukabaki unasomeka ila unasema uongo, na uongo ukasambaa seva hadi seva. Kwako wewe dirisha hilo ni waya kati ya mita na kifaa cha kuingizia tokeni. Nao uwe na CRC.

Kwenye RAM usihangaike na kila kigeu (jina linaloshika thamani kwenye programu). Chukua vichache vinavyoshika pesa na vinavyoshika vali, na kila kimoja kiwe na mwenzake aliyegeuzwa biti zote. Kabla ya kutumia, hakikisha kimoja ni kinyume cha mwenzake. Vigeu vya ndiyo na hapana usivipe 1 na 0, kwa sababu biti moja inatosha kugeuza hapana kuwa ndiyo. Vipe 0x5A na 0xA5, ambazo zinatofautiana biti zote nane, na thamani nyingine yoyote ihesabike kuwa hitilafu. Tatizo ni kwamba mtu akiandika "kama si 0x5A basi vali ifungwe" ameshairudisha ndiyo-na-hapana ya zamani bila kujua. Andika matawi matatu kila mahali.

Kulinda hesabu zenyewe ndiko watafiti walikomaliza wino mwingi. Wazo la msingi: fanya hesabu mara mbili kwa rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) tofauti, linganisha kabla ya kuandika kwenye kumbukumbu na kabla ya kuamua tawi. Stanford walilichapisha mwaka 2002 kwa jina la EDDI, likifanywa na kompaila yenyewe (programu inayogeuza msimbo kuwa amri za chipu), na mwaka 2005 Princeton wakaja na SWIFT, ambayo inaiachia kumbukumbu ijilinde kwa maunzi yake na kurudia hesabu tu, hivyo gharama ikapungua. Ukijaribu kwa mkono kuna mtego, na wengi wanaonasa hawajui kwamba wamenasa. Unaandika:

a = lita(mapigo);
b = lita(mapigo);
if (a != b) simama();

Unaona umejilinda. Kompaila ya C ikiwa imewashiwa uboreshaji, hata wa -Os unaokuja na Arduino, na ikiweza kuona ndani ya kitendaji chako, inajiambia kwamba kwa sheria za lugha b haiwezi kutofautiana na a. Inafuta hesabu ya pili. Kisha inafuta na ulinganisho. Programu inakwenda kwenye mita bila kinga yoyote, na majaribio yote yanapita. Lazima mapigo yasomwe kutoka vigeu viwili vilivyotangazwa volatile (neno linaloikataza kompaila kudhani thamani haijabadilika), na baada ya hapo fungua matokeo kwa avr-objdump, zana inayoonyesha amri ilizotoa kompaila, utazame kwa macho yako kama hesabu ni mbili kweli. Usiniamini mimi wala kompaila kwenye hilo.

Hata ukifaulu, kurudia kunasaidia kwa hitilafu ya kupita tu. Chipu ikiwa mbovu moja kwa moja itatoa jibu lile lile baya mara mbili, na ulinganisho utashangilia. Ni sawa na kumuuliza mlevi mmoja njia ya stendi mara mbili. Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walieleza prosesa ambayo kiini chake kimoja (kimoja cha vitengo vyake vya kukokotoa) kilipoulizwa sehemu kamili ya 1.1 kwa kipeo cha 53 kilijibu 0. Jibu ni 156. Kwa kipeo cha 52 kilijibu vizuri, 142. Kwa sababu hesabu hiyo ilitumika kukadiria ukubwa wa faili, mafaili yenye data yalihesabiwa kuwa matupu na hayakuandikwa, na mtu alikuja kushtuka kwa kuwa data zimepungua upande wa mwisho. Mwaka huo huo watu wa Google wakasimulia kiini kilichokuwa kinasimba (kuzifumba kwa siri) data vibaya, halafu kikizisimbua chenyewe zinarudi salama. Ukizipeleka kusimbuliwa kwenye kiini kingine zinatoka takataka. Angekuwepo mtu wa kujaribu kwa kurudia, angeipa mashine hiyo cheti.

Dawa ya hapo ni kufanya hesabu ya pili kwa umbo tofauti. Ninayoipenda ni ya kuzidisha kila namba kwa namba moja tasa isiyo 2. Tuseme 61. Salio lako 1,350 linahifadhiwa kama 82,350. Mteja akitumia lita 20 unatoa 1,220, unabaki na 81,130, ambayo ni 61 mara 1,330. Kujumlisha na kutoa kunakwenda bila kufungua fumbo. Sasa pindua ile biti yako: 82,350 inakuwa 90,542, na ukigawanya kwa 61 inabaki 18. Umemkamata. Sababu ni ya darasani: kupindua biti moja kunaongeza au kupunguza kipeo fulani cha 2, na hakuna kipeo cha 2 kinachogawanyika kwa 61. Chipu ikiwa na kijumlishi kibovu, nacho kinanaswa mara nyingi, kwa kuwa jibu baya haliangukii kwenye vigawe vya 61 isipokuwa kwa bahati. Wafaransa waliutumia msingi huu kwenye SACEM, mfumo wa kudhibiti treni za njia ya RER A ya Paris ulioanza kazi 1989: prosesa moja ya kawaida, namba zote zimefumbwa, na roho za abiria zimewekwa juu ya hesabu hiyo. Wao walichagua namba ya kuzidishia kubwa kuliko 61, na wewe ukiwa na biti 32 unaweza kupanda hadi namba tasa ya tarakimu nne bila kubanwa.

Kwa mita ya maji, je, ufike huko? Kwa salio, ndiyo, maana ni mistari michache. Kwa programu nzima, hapana.

Njia ya programu nayo inaweza kupotea: biti ikipinduka kwenye anwani ya kurudia (kumbukumbu ya mahali prosesa irudi ikimaliza kitendaji), prosesa inaruka katikati ya msimbo usiohusika. Saa ya ulinzi ya chipu, wochidogi, ipo kwa ajili hiyo, na kosa ninaloliona kila mara ni kuirudisha sifuri ndani ya katizo la saa. Katizo litaendelea kuishi hata programu kuu ikiwa imekwama wiki nzima. Irudishe sehemu moja tu, mwishoni mwa mzunguko mkuu, na iwe baada ya kuona kwamba kila hatua imeacha alama yake: kusoma mapigo imeweka biti yake, kukagua salio imeweka yake, kuongoza vali imeweka yake. Alama haijatimia, acha chipu ijiwashe upya. Kwenye kitendaji kinachofungua vali, dai neno la siri ambalo mwitaji halali tu ndiye anayeliweka muda mfupi kabla, ili aliyeruka kutoka gizani asikute mlango wazi. Rejista za mipangilio ya pini na saa ziandike upya kila mzunguko, maana zikipinduka hakuna CRC inayozitazama.

Limebaki jambo ambalo vitabu hulipitia haraka na wewe utaulizwa na wateja: hitilafu ikishakamatwa, mita ifanye nini? Treni ikisimama imekuwa salama, kwa hiyo SACEM ikitilia shaka inasimamisha. Maji si hivyo. Ukifunga vali kila biti inapopinduka, kuna nyumba yenye mtoto itakayokaa bila maji mpaka Jumatatu fundi aje. Ukifungua tu, mtaa utajifunza jinsi ya kuiharibu mita makusudi. Mimi ningeirudisha kwenye rekodi halali ya mwisho. Kama hakuna hata moja iliyo halali, ningeruhusu kiasi kidogo, tuseme lita 200, nikiandika alama ya hitilafu kwenye skrini ambayo haifutiki bila fundi. Hitilafu ya pili ndani ya kipindi hicho, vali ifungwe. Kiasi hicho kipangeni na wenye mradi kwa maandishi, kisiwe uamuzi wako wewe mtengenezaji peke yako usiku mmoja.

Kinga ambayo haijashambuliwa siihesabu. Weka kwenye toleo la majaribio amri ya kupitia waya wa mfululizo inayosema pindua biti fulani ya anwani fulani. Rekodi yako ina biti 80: zipindue moja moja, washa upya kila mara, na kompyuta ilinganishe salio. Ni kazi ya usiku mmoja ukiwa umelala. Kisha weka relei inayokata umeme kwa nyakati za kubahatisha wakati mita inaandika, iache ikate maelfu ya mara. Toleo hilo lisitoke karakana, maana amri ya kupindua biti ni zawadi kwa mwizi.

Na zile mita tatu, usiziwekee programu mpya kwanza. Soma EEPROM yote ya kila moja kwa avrdude (programu ya kompyuta ya kusoma na kupakia chipu hizi) uihifadhi kwenye faili, kisha izime, iwashe, usome tena. Baiti inayobadilika kati ya usomaji mmoja na mwingine bila kuandikwa imechoka, na utakuwa umeshapata jibu la mshukiwa. Zingatia fyuzi ya EESAVE: kama haijawekwa, kufuta chipu ili kupakia programu kunafuta na EEPROM, na masalio ya wateja wako yataondoka pamoja na ushahidi. Kwenye mita nyingine 137 utalazimika kusoma salio, kupakia programu mpya, kisha kuliandika upya kwa muundo mpya, na anwani zile za zamani ambazo zimeandikwa kila lita kwa mwaka mzima uziache tupu, zisiwemo kwenye mzunguko wa nafasi 100.